Panda Kwanza, Ndipo Uchore

Mwezi jana nililipa shilingi 2,500 kwenda kuchora majani. Darasa lilikuwa hapa hapa Elgon View, ndani ya kompaundi yenye geti jeusi na soja mpole, mwendo wa dakika kumi kutoka SQ ninayopanga. Tulipewa karatasi nzuri, rangi za maji na chai ya tangawizi. Kisha tukaletewa cha kuchora: monstera, mmea wa misitu ya Mexico na Amerika ya Kati, ndani ya chungu cheupe. Chungu chenyewe kilikaa juu ya nyasi za plastiki.

Nikauliza, kabla ya nyasi hizi hapa kulikuwa na nini? Mwenyeji wetu akacheka. "Magugu tu. Yale ya maua ya njano."

Manze, yale ya maua ya njano ni senetwet.

Kama umekulia Sisibo, umekunywa kazi yake. Kijiti cha senetwet huchomwa, kikishika moto makaa yake yanasuguliwa ndani ya kibuyu, halafu maziwa yanamiminwa humo yagande. Ile rangi ya kijivu ya mursik na ile harufu ya moshi hutoka hapo. Kibuyu chenyewe ni tunda lililokauka. Nje kinavalishwa ngozi, shanga na kauri. Hiyo ni sanaa ya mimea, na ilikuwa hapa kabla mtu yeyote hajatuuzia brashi.

Hoja yangu ni moja: anayetengeneza sanaa kutokana na mimea bila kupanda mimea hiyo anakula mbegu. Na anayeing'oa ili apate nafasi ya kuichora nyingine, huyo ndiye ananikasirisha kabisa.

Angalia mtaa wetu. Wanariadha wengi wamejenga huku. Bingwa akirudi na medali, anapokelewa kwa kibuyu cha mursik na kuvishwa sinendet, mtambaa wa msituni unaosokotwa kuwa shada. Heshima kubwa kuliko zote tunazotoa ni mmea uliosokotwa kwa mikono. Lakini kuna sherehe siku hizi ambapo mtu anavishwa lile shada la plastiki la kumetameta, linalouzwa kando ya barabara siku za mahafali. Wiki moja baadaye liko kwenye mtaro.

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Tukashangilia. Leo tunatandika plastiki uani na kuiita bustani. Wanaozitetea nyasi hizo husema haziombi maji. Ni kweli. Lakini jua likiwaka zinachoma nyayo, hazina ua la kumlisha nyuki, na zikichakaa hazigeuki mboji, zinatupwa. Halafu hii ni Uasin Gishu, jameni, kaunti ya mahindi na ngano. Ardhi hii inaomba tu mtu asiizibe.

Najua utasema: mimi napanga, shamba ni la mwenye nyumba. Sawa. Wacha nikiri yangu basi. Kwa miaka miwili nimeuza kadi zenye majani makavu yaliyobanwa. Majani nilikuwa nachuma kando ya Sosiani, mfuko mzima kila wikendi. Nilijiita msanii wa mazingira. Siku moja gogo wangu alizishika kadi hizo, akazigeuza moja moja, akasema ni nzuri. Halafu akauliza, "Na wewe umepanda nini?" Sikuwa na jibu. Gogo hakuendelea. Alianza kunieleza vile siku hizi ni lazima apande boda kwenda kutafuta kijiti cha senetwet, kitu ambacho zamani kilikuwa nyuma ya choo.

Sasa nina mitungi mitatu ya lita 20, nimeikata vichwa na kuitoboa chini. Mmoja una mmea wa kibuyu unaopanda juu ya ua la kayaba. Baridi ya huku inauchelewesha, lakini unaenda. Maganda ya vitunguu nayachemsha napata rangi ya dhahabu ya kupaka kitambaa; masalio naweka kwenye mboji, na mboji inarudi mtungini. Maji ni yale ya kuoshea sukuma. Hii haihitaji hati ya shamba.

Wala si wazo langu. Kule Kitui, kikundi cha akina mama cha Kyanika kilikusanya mbegu za vibuyu vya maumbo mengi na kuhifadhi majina na matumizi yake, kikishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mbegu ya umbo fulani ikipotea, umbo lenyewe limepotea, na fundi wa kupamba vibuyu hana cha kushika. Kwa hivyo mkulima na msanii hawawezi kuwa watu wawili wasiojuana.

Kwa wanaoendesha madarasa haya ya wikendi: endeleeni, tunayahitaji. Lakini saa ya kwanza iwe ya jembe. Kila anayelipa aondoke na mche, na mche huo uwe wa hapa. Mchoro utangoja mpaka uchipue.

Jumapili iliyopita nilipita tena kwenye lile geti jeusi. Soja akanionyesha kitu pembeni ya tangi: pale nyasi za plastiki zinapoishia, senetwet moja imetokeza, imefika magotini. Ameambiwa aing'oe kabla ya darasa lijalo. Nilimwomba aniachie niing'oe mwenyewe, na mizizi yake. Mtungi wa nne uko tayari.