Kalamu ya Mwajiri Si Hukumu

Waume wa dada zetu na vijana wetu wengi huendesha malori kutoka bandari ya Mombasa hadi Malaba. Dereva akiandikiwa katika faili yake kwamba ameiba mafuta, wala hakuulizwa, neno hilo humfungia mlango wa riziki hata kwa waajiri wengine. Tusinyamaze tukadhani ni kudura.

Suratul Baqara, aya ya 282, yamwamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo yamtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumfuta kwa kosa. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yampa kila mtu haki ya kuona yaliyoandikwa juu yake na kutaka ya uongo yasahihishwe.

Basi dereva na aandike barua, ataje neno analolipinga, tarehe na safari yenyewe, aambatanishe risiti za mafuta, abaki na nakala iliyopigwa muhuri. Akina mama, zihifadhini karatasi hizo. Akikataliwa, ashitaki kwa Kamishna wa Data. Ila lililo kweli lisikanwe; haki haitafutwi kwa uongo.