Karatasi za Choo na Mshahara wa Mwisho wa Mwezi



Tarehe 13 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya. Mara wenye magari walijaa madukani Nairobi, wakabeba karatasi za choo kwa marobota. Sisi wa mshahara wa mwisho wa mwezi tulikuta rafu tupu. Je, ule ulikuwa ugonjwa wa tumbo? Ulikuwa wa kifua!

Japani nako, mwaka wa 1973, vita vya Mashariki ya Kati vilipandisha bei ya mafuta, uvumi ukaenea kwamba karatasi zitakwisha, na akina mama wa Osaka wakajipanga mistari madukani. Viwanda havikusimama. Karatasi ziliisha kwa sababu kila mtu alinunua nyingi siku moja.

Mimi nilikulia majani na maji, wala sikufa. Lakini mwenye fedha akiweka akiba ya miezi sita, jirani yake wa kibarua hukosa hata moja, na mwenye duka hupandisha bei.

Basi uvumi ukija tena, msikope kwa riba. Nyumba nne zichange, zinunue robota moja, zigawane. Mtunza fedha achaguliwe na nyumba zenyewe, naye aandike kila senti daftarini.