Tumbo la mikebuka lina habari, lakini nani anaisoma?

LUBUMBASHI – Mtu aliyekulia Moba au Kalemie hahitaji mtaalamu wa kumweleza mikebuka anakula nini. Amempasua tangu utoto. Siku moja tumbo limejaa ndagala, wale ambao sokoni Lubumbashi wanaitwa kapenta. Siku nyingine ni uji mwekundu wa kamba wadogo. Siku nyingine hakuna kitu, ni maji yenye harufu tu, na mama anawatupia bata bila kuwaza zaidi.

Familia zilizokimbia mapigano yaliyozuka mwaka 2016 katika jimbo la Tanganyika zilitoka kwao na ujuzi huo. Baadhi yao wako leo katika mitaa ya Lubumbashi, wanauza samaki mkavu kwa mafungu badala ya kuvua. Ni nadra mtu kuwauliza wanachojua.

Jambo hili linaonekana dogo mpaka siku ziwa linapofungwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaa na kukua. Nia si mbaya. Lakini kwa familia inayoishi kwa kile kilichovuliwa usiku wa jana, miezi mitatu bila wavu ni miezi mitatu bila pesa ya shule na bila dawa. Watu wanaweza kuvumilia hilo wakionyeshwa hesabu. Wakiambiwa tu kwamba samaki wamepungua kwa sababu ya tamaa yao, hawakubali, na wana haki ya kutokukubali.

Hesabu hiyo haiwezi kukamilika bila kujua nani anamla nani. Mikebuka na ndagala wanavuliwa pamoja usiku, chini ya taa zilezile. Ndagala wakipunguka, je, ni wavu uliowamaliza, au ni mikebuka, au ni maji yenyewe yaliyopata joto na kutoa chakula kidogo? Na mikebuka akivuliwa sana, ndagala wataongezeka au la? Miaka ya 1990 mradi mkubwa wa utafiti wa ziwa, uliosimamiwa na FAO kwa msaada wa Finland, ulichunguza mambo haya. Ilionekana kwamba kaskazini mikebuka hutegemea sana ndagala, na kusini hula zaidi kamba wadogo. Kwa hiyo ni samaki mmoja, ziwa moja, lakini sahani mbili. Sheria inayofaa Uvira inaweza isifae Moba.

Kazi ya namna hiyo hufanywa kwa macho na kioo cha kukuzia. Na macho yana mpaka. Ndagala aliyemezwa jioni, asubuhi amekwisha kuwa uji. Kifaranga wa samaki, ambaye hana mfupa mgumu, hupotea mapema zaidi. Anayeandika kwenye daftari anaandika «hakijulikani», na mara nyingi hicho kisichojulikana ndicho kilichokuwa na maana.

Hapo ndipo ADN inapoingia. Wengi wamesikia neno hili kwenye habari za polisi au za kutafuta baba wa mtoto. Ni ile maandishi ya urithi iliyo ndani ya kila chembe ya mwili, na hata nyama ikishageuka uji, vipande vyake hubaki kwa muda. Mwaka 2003 mtaalamu Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, pamoja na wenzake, walipendekeza kutumia kipande kimoja kifupi cha ADN kama ile mistari myeusi inayochapishwa kwenye pakiti ya sabuni: kila aina ya mnyama na mistari yake. Leo wanaochunguza jodari na papa baharini hufanya hivyo. Wanachota kilichomo tumboni, wanakihifadhi kwenye alkoli, wanatoa ADN, wanakizidisha kile kipande mara nyingi, mashine inakisoma, kisha wanakilinganisha na orodha ya majina. Tumbo moja linaweza kutaja aina kadhaa ambazo jicho lisingeziona kamwe.

Lubumbashi iko mbali na bahari, lakini haiko nje ya habari hiyo. Thomson anayeuzwa akiwa amegandishwa hutoka baharini, mwingi wake upande wa Namibia, na huko kuna samaki mkubwa, merlu, anayemla kabla ya meli kumfikia. Anayepanga meli zivue kiasi gani lazima amhesabu na merlu.

Ziwa Tanganyika nalo limekwisha kuguswa na kazi hii. Kuna samaki mdogo huko, Perissodus microlepis, mwenye tabia ya mwizi: humvizia mwenzake kwa ubavu na kumng'oa magamba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walisoma ADN ya magamba yaliyokutwa tumboni mwake, na kila gamba likamtaja mwenyewe aliyeibiwa. Watafiti wengine, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walisoma ADN ya ndagala, na mwaka 2019 wakatangaza kwamba hawakuona makundi yaliyotengana: ndagala wa pwani moja na wa pwani nyingine ni ukoo mmoja. Kwa hiyo hakuna «ndagala wetu» na «ndagala wao». Anachomeza mikebuka mbele ya Moba kinamhusu pia mvuvi wa Mpulungu, Zambia, na wa Kigoma.

Sasa swali gumu. Karibu asilimia 45 ya ziwa hili ni ya Congo, sehemu kubwa kuliko ya nchi yoyote kati ya zile nne. Kwa nini matumbo ya samaki wake yasomewe Basel na Leuven? Wanaosoma huko hawana kosa. Wamefanya kazi nzuri. Lakini sampuli inapanda ndege, na jibu linarudi baada ya miaka, kwa Kiingereza, katika gazeti la wataalamu. Mvuvi hupata amri tu.

Watu wapo. Uvira kuna Kituo cha Utafiti wa Hydrobiolojia. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kundi la watafiti wanaokusanya na kutaja majina ya samaki wa mito na maziwa ya Katanga, wakishirikiana na Jumba la Makumbusho la Tervuren. Na wasiseme kwamba kusoma ADN ni jambo lisilowezekana Congo. Taasisi ya INRB imesoma ADN na ARN za virusi vya Ebola na mpox humu humu nchini, na Ebola ilisomewa hata karibu na mahali wagonjwa walipokuwa. Siku hizi kuna mashine ya kusomea inayotosha kiganjani. Kinachokwamisha ni dawa zake zinazohitaji baridi, umeme unaokatika, na mshahara wa kijana atakayeshika kazi hiyo miaka kumi bila kukimbilia mgodini.

Lakini mashine isigeuzwe mganga wa kienyeji anayejua yote. ADN inataja aina, haitaji ukubwa wala umri. Hesabu yake ya wingi haiaminiki sana. Kamba aliyeliwa na ndagala, kisha ndagala akaliwa na mikebuka, atatokea kwenye orodha kana kwamba mikebuka ndiye aliyemla. Na kuna pengo kubwa zaidi: samaki anayekula watoto wa aina yake. Sangara wa Ziwa Victoria anajulikana kwa tabia hiyo. ADN ya mtoto na ya mlaji ni ya aina moja, kwa hiyo mashine inaona samaki mmoja tu. Anayeiona dhambi hiyo ni yule aliyepasua tumbo kwa kisu na kukuta mkia mdogo unaofanana na mkia mkubwa.

Yule ni mama wa Kalemie. Ni huyo aliyehamia Lubumbashi na watoto wake.

Mji huu una deni la zamani katika jambo hili. Miaka ya 1940 wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga walipakia samaki wa Luapula kwenye malori hadi Élisabethville, kulisha wafanyakazi wa migodi. Samaki aliyependwa alikuwa mpumbu, na alinaswa kwa wingi alipokuwa akipanda mto kwenda kutaga mayai. Kufikia mwaka 1950 hivi alikuwa amekwisha karibu kabisa. Mlaji mkubwa kuliko wote katika hadithi ile hakuwa na mapezi. Alikuwa Lubumbashi yenyewe, na bukari yake mezani. Hakuna aliyepima kwanza.

Kwa hiyo wenye mamlaka wa majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika wana jambo la kudai, tena lisilo la gharama kubwa. Sampuli ikitoka, nusu yake ibaki Lubumbashi au Uvira. Wavuvi na mama wapasuaji walipwe kwa kukusanya, si kupewa asante. Na majina yao yaingie kwenye orodha, maana huyu mmoja ni mikebuka Kalemie, mukeke Bujumbura, bukabuka Mpulungu, na mtafiti asiyejua hilo ataandika samaki watatu. Kwa kuanzia inatosha chupa, alkoli kali na kikaratasi ndani yake chenye tarehe, mahali na jina la samaki, kilichoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa biki huyeyuka ndani ya alkoli na chupa ikabaki bila jina.