Mtoto Mwepesi Majini



Mwezi uliopita mama mmoja kijana alimleta mwanawe kliniki. Tulipomning'iniza kwenye mizani alikuwa na kilo 8. Mama akacheka: "Sista, huyu nikimwogesha kwenye beseni kubwa sisikii uzito wake. Maji yenyewe hunishikia. Hata taulo huwa naenda kulichukua chumbani."

Mimi sikucheka. Hata hivyo, kuhusu uzito alisema kweli, nawe waweza kujaribu. Funga jiwe la kilo 1 kwa kamba, ulitundike kwenye mizani ya ndoano. Kisha lizamishe lote katika ndoo ya maji lisiguse chini. Mizani itaonyesha kama gramu 600 tu. Jiwe limechukua nafasi ya maji yenye uzito wa gramu 400, na maji hulisukuma juu kwa kiasi hicho hicho. Archimedes, Mgiriki wa Syracuse, alilieleza jambo hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Je, gramu 400 zimepotea? La. Ndoo ingekuwa juu ya mizani nyingine, ungeziona zimeongezeka huko. Uzito wa jiwe haukupungua. Umepata mbebaji mwingine.

Mwili wa mtoto, tofauti na jiwe, unakaribiana sana na maji kwa uzito. Akiingia majini hadi kifuani, mkono wako hubaki na mzigo mdogo tu, nao hulegea. Hapo ndipo penye hatari. Maji husukuma mwili juu, lakini hayachagui pua ibaki nje. Mtoto aweza kulala kifudifudi, mwepesi vile vile, akakosa pumzi bila kupiga kelele. Maji ya kina cha sentimita 5 yanatosha.

Kwa hiyo, mama, weka sabuni, taulo na nguo karibu kabla ya kuanza. Mkono mmoja usimwachie kamwe. Mlango ukigongwa, mfunike utoke naye. Ukimaliza, mwaga maji mara moja. Mtoto anayejifunza kusimama ana kichwa kizito kuliko miguu; akichungulia ndoo huingia kichwa chini, asiweze kujitoa.

Yule mama aliondoka kimya. Juzi amerudi kupima mtoto. Aliniambia kwamba siku hizi taulo huliweka begani kwanza, ndipo amvue mtoto nguo.

Tukutane mwezi ujao.