Ajali ni Kadari, Fidia ni Haki

Kila inapotokea ajali ya barabarani katika visiwa vyetu, iwe Bububu au Mahonda, iwe njia ya Chake Chake hadi Wete, neno la kwanza kusikika ni "kadari". Neno hilo hatulipingi. Muumini hana budi kuliamini. Lakini wako wanaolitumia kufunika deni, na wako majeruhi wengi wanaonyamaza kwa ajili yake huku haki yao ikipotea mbele ya macho yao. Leo tunasema wazi: kuridhika na kadari si kusamehe haki usiyoijua.

Dini yenyewe imetufunza hivyo. Fikihi ina mlango mzima wa diya, na ndani yake aliyedhuru kwa bahati mbaya haondokewi na dhima kwa sababu tu hakukusudia. Anayeujua mlango huo hashangai kuona sheria ikimlazimisha mwenye gari kukata bima ya mtu wa tatu. Uingereza ilipitisha sharti hilo mwaka 1930, na makoloni yake ya Afrika Mashariki yakafuata. Mwaka 1969 Serikali ya Mapinduzi iliunda Shirika la Bima la Zanzibar. Bima hii, basi, si pambo la kioo cha gari, wala si hirizi ya kumkwepa askari wa barabarani. Ni amana iliyowekwa kwa ajili ya mwenda kwa miguu, mpanda baiskeli na abiria.

Tuchukue mfano. Mchuuzi wa samaki anatoka dikoni alfajiri kwa baiskeli yake, anagongwa na gari, mguu unavunjika. Dereva ni kijana wa mtaa wa pili. Wazee wanakaa, dereva anatoa fedha za dawa, fatiha inasomwa, polisi hawaitwi. Baada ya miezi miwili mguu haujaunga, fedha za dereva zimekwisha, na nyumbani hakuna kinachoingia. Hapo ndipo bima inapokumbukwa. Afikapo ofisini mchuuzi anaulizwa: iko wapi taarifa ya polisi? Iko wapi fomu ya PF3? Namba ya gari ni ipi? Hana hata moja. Bima ilikuwepo na haki ilikuwepo. Kilichokosekana ni karatasi za siku ya kwanza.

Suluhu ni kheri, na hatumwambii mtu amchukie jirani yake. Lakini suluhu inayofungwa kabla daktari hajajua mguu utapona au hautapona ni dhulma iliyovishwa kanzu. Vivyo hivyo kwa hati ya kampuni ya bima inayosema kwamba madai yote yamekwisha. Asiitie saini majeruhi ambaye bado yu kitandani, wala asiitie dole gumba kabla ya kusomewa. Fidia si bei ya dawa peke yake. Humo mna pato lililopotea, maumivu, na ulemavu utakaobaki.

Kwa aliyeumia akiwa kazini upo mlango mwingine. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya Zanzibar, Namba 15 ya mwaka 1986, inamtaka mwajiri alipe kwa madhara yatokanayo na kazi, bila mfanyakazi kulazimika kuthibitisha kosa la mtu. Mlango huo ni muhimu hasa kwa dereva wa kuajiriwa, kwani bima ya mtu wa tatu huwalinda wengine, haimlindi yeye. Na mwanachama wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 1998, aulize juu ya mafao ya ulemavu endapo hataweza tena kufanya kazi.

Je, mkulima wa mwani, utingo wa daladala na mwendesha bodaboda? Hawa hawana mwajiri anayewakatia mchango, na pato lao halina hati ya mshahara. Mfuko unao mpango wa hiari kwa waliojiajiri; wajiunge wakiwa wazima. Tena waweke daftari la mauzo, japo la kurasa chache. Siku ya madai, daftari hilo na ushahidi wa wenzao wa dikoni vitasema pale ambapo kauli tupu haitasikilizwa.

Kwa watendaji tunayo machache, na tunayasema kwa heshima. Majeruhi hatembei. Kumwambia nenda rudi baina ya kituo cha polisi, hospitali na ofisi ya bima ni kumjeruhi mara ya pili. Askari apeleke fomu kitandani. Daktari aandike kwa mwandiko unaosomeka. Sheha awe wa kwanza kuuliza namba ya gari, si wa mwisho kuitikia dua. Na ofisi za bima zikumbuke kwamba mdai si ombaomba: anafuata amana iliyokwisha kulipiwa.

Ajali imeandikwa na Mwenyezi Mungu. Taarifa ya ajali tumeachiwa sisi tuiandike, na tuiandike siku ile ile.