Kiswahili Kisibaki Jikoni

Huko Manah, jirani na Nizwa, kuna vituo viwili vya umeme wa jua vilivyoanza kazi mwaka 2025, kila kimoja cha megawati 500. Klabuni tumo tunaotoka Nizwa, Ibra na Sur, na tukivitaja vituo hivi tunahamia Kiarabu au Kiingereza. Kiswahili, lugha ya bibi zetu, tunakiachia chai, harusi na mzaha. Sisi tunasema hilo si lazima, na mfano tunao.

Seli ya jua ni kipande chembamba cha silikoni. Silikoni tupu hung'aa, na hurudisha zaidi ya 30% ya mwanga unaoipiga. Kwa hiyo hupakwa utando wa naitraidi ya silikoni wenye unene wa nanomita 75 hivi, takriban sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Utando huo ndio unaozipa seli nyingi rangi ya buluu iliyokolea. Hupunguza mwanga unaopotea, na hutuliza kasoro za uso wa silikoni ambazo zingemeza umeme.

Tatizo ni kwamba utando wenyewe haupitishi umeme. Vijistari vya fedha vinavyochapwa juu yake ili kukusanya umeme lazima viutoboe. Kiwandani, seli hupitishwa kwenye tanuri kwa sekunde chache, joto likifika kama nyuzi 800 za Selsiasi. Unga wa kioo uliochanganywa na fedha huula utando, na fedha ikaigusa silikoni. Utando ukiwa mnene mno, au moto ukiwa hafifu, mgusano huwa mbaya na ukinzani hupanda. Moto ukizidi, fedha huzama kupita kiasi na umeme huvuja ndani ya seli.

Anayeijua Falaj Daris ya Nizwa ataelewa mara moja. Chemchemi inaweza kuwa na maji tele, lakini mfereji ukibanwa, mitende hukosa. Ukinzani ni mbano huo: mwanga umeingia, umeme umezalika, ila sehemu yake huishia kuwa joto.

Wako watakaosema maneno haya ni mageni. Lakini Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilishachapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Na pasipo na neno tunaazima, kama wazee walivyofanya. Hata hiyo fedha asili yake ni Kiarabu.

Lugha isiyofanyiwa kazi nzito hubaki salamu tu, na salamu hizo huenda ndizo tutakazowarithisha watoto wetu. Kwa hiyo tunaomba kila toleo la jarida liwe na ukurasa mmoja wa sayansi, na walimu wetu watusaidie kuuhakiki. Mwenye istilahi bora kuliko hizi zetu atuandikie, na aandike kwa Kiswahili.