Dakika Kwanza, Kasi Baadaye

Mgonjwa wa shinikizo la damu akiulizwa kliniki kama anafanya mazoezi, mara nyingi hujibu kwamba hana nafasi. Huenda mgonjwa huyohuyo anakwenda kazini kwa baiskeli kila siku, na hakuna aliyewahi kuiandika safari hiyo katika faili lake. Kwa wengi, mazoezi ni kukimbia uwanjani au kunyanyua vyuma. Baiskeli ya kwendea kibaruani ni njia ya kutafuta riziki tu. Kwa sababu hiyo kompyuta ya baiskeli, kifaa kidogo kinachofungwa kwenye usukani, inastahili kutazamwa kwa jicho la tiba.

Kifaa cha kawaida hutumia sumaku iliyofungwa kwenye spoki na kihisi kilichowekwa kwenye uma wa mbele. Kila sumaku inapopita, mzunguko mmoja huhesabiwa, kisha mizunguko huzidishwa kwa mzingo wa gurudumu ambao mwenyewe aliuingiza. Akikosea hapo, hesabu huharibika: mzingo wa milimita 2,200 ukiandikwa 2,100, kila kilomita moja itasomeka kama mita 955 hivi. Umbali na kasi vitapotoka. Muda wa kuendesha hautaguswa. Tena vifaa vingi husimamisha hesabu ya muda gurudumu linaposimama, hivyo dakika za kusubiri kwenye taa hazichanganywi na dakika za kukanyaga pedali.

Dakika hizo ndizo tabibu anazozihitaji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima kupata dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki. Anayeendesha dakika 20 kwenda na 20 kurudi, siku 5 za kazi, amekwisha kupata dakika 200. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017, wenye washiriki zaidi ya 260,000, ulionesha kuwa waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ndogo ya kufa mapema na ya kuugua moyo kuliko waliosafiri kwa gari au usafiri wa umma. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi peke yake kwamba baiskeli ndiyo sababu, lakini matokeo yake yanatosha kuifanya safari ya kazini iulizwe kliniki.

Wapo wanaohofu kwamba kifaa hiki humchochea mtu kushindana na jana yake, na hofu yao ina msingi. Katika barabara ya Dar es Salaam asubuhi, kati ya daladala na bodaboda, kuokoa nusu dakika si faida ya afya. Dawa yake ni kuweka kioo kioneshe muda na kuacha kasi isionekane. Kalori zinazooneshwa nazo ni makadirio. Zisitumiwe kuhalalisha sahani ya pili ya chipsi. Kwa vifaa vinavyopima mapigo ya moyo, anayetumia atenolol au bisoprolol ajue kwamba dawa hizo hupunguza mapigo, hivyo namba ndogo haimaanishi kwamba anajitahidi kidogo. Kipimo salama ni pumzi: aweze kuzungumza akiendesha, lakini asiweze kuimba. Anayetumia insulini abebe kitu chenye sukari, na dakika alizoendesha zimsaidie daktari kueleza kwa nini sukari ilishuka siku fulani.

Asiye na kifaa hajanyimwa tiba. Saa ya mkononi na daftari dogo vinatosha, ijapokuwa kompyuta ya baiskeli haisahau na haipendelei. Mgonjwa aanze kidogo, aongeze taratibu, na akipata maumivu ya kifua au kizunguzungu asimame na kutafuta huduma mara moja.

Mhudumu wa afya naye abadili swali lake. Badala ya "Unafanya mazoezi?", aulize: "Unafikaje kazini, na kwa dakika ngapi?" Jibu liandikwe kando ya kipimo cha shinikizo la damu, kila hudhurio. Dawa huandikwa kwa kipimo. Mwendo wa mwili nao unastahili kuandikwa vivyo hivyo.